Waliotangulia kuondoka: konokono, panya na tumbili katika bustani moja ya nyumbani Morogoro

Kuhusu kisa hiki

Bustani inayozungumziwa iko pembezoni mwa mji wa Morogoro, upande unaopanda kuelekea Milima ya Uluguru. Mwenyewe amekubali yaliyompata yatumike kuwafundishia wenye bustani wengine, kwa sharti kwamba jina lake, mtaa wake na majirani zake wasitajwe. Humu tutamwita Mwalimu, kwa kuwa amestaafu kazi hiyo na mtaani bado wanamwita hivyo. Mambo madogo yasiyobadili maana yamegeuzwa. Mimi niliitwa kama mshauri wa kilimo wakati mambo yalikuwa yameshaharibika nusu. Ya mwanzo nimeyapata kwa Mwalimu, kwa kijana anayemsaidia kazi, na kwa majirani wawili ambao hawakukubaliana kila jambo.

Kiwanja na waliomo

Kiwanja ni kama robo eka. Nyumba iko mbele, bustani iko nyuma, na nyuma ya bustani kuna korongo lenye maji msimu wa mvua na kichaka mwaka mzima. Korongo hilo linapanda moja kwa moja hadi kwenye miti ya mlimani, kwa hiyo kwa wanyama ni barabara. Mwalimu alipokuwa akinunua aliambiwa amepata sehemu yenye upepo mzuri na maji karibu, na yote mawili ni kweli.

Karibu na korongo alipanda vitu vitamu: mipapai mitano, migomba, viazi vitamu. Katikati aliweka nyanya, nyanya chungu na bamia. Mchicha, chainizi na mnafu vilikuwa kwenye matuta ya ubavuni, na pasheni ya njano ilitambaa kwenye uzio. Kulikuwa na mwembe mkubwa wa tangu zamani ambao matawi yake yalilalia paa, na banda la mbao la kuku wa kienyeji. Mboga zilizozidi ziliuzwa getini kwa mafungu, na fedha hizo ndizo zilizolipa umeme na posho ya Kijana. Bustani hii haikuwa ya kupitishia muda, na ndiyo maana kila hasara iliamsha haraka ya kutafuta dawa.

Vilikuwepo pia vitu ambavyo hakuna aliyevihesabu kuwa sehemu ya bustani. Rundo la matofali na mabati yaliyobaki kwenye ujenzi lilikuwa limelala ukutani. Shimo la taka halikuwa na mfuniko. Gunia la pumba za kuku lilikaa wazi kwenye kibaraza cha jikoni.

Masika: konokono

Masika ya kwanza konokono walimaliza kitalu cha mchicha kwa usiku mmoja. Ni wale wakubwa wa kahawia wenye michirizi, wenyeji wa ukanda huu wa Afrika Mashariki. Kila mmoja ana viungo vya kiume na vya kike, na kila mmoja anaweza kutaga mayai mamia kwa mwaka. Wakati wa kiangazi hujifungia ndani ya gamba kwa utando mgumu na kusubiri. Walikopelekwa na binadamu wamekuwa balaa: jimbo la Florida, Marekani, lilitangaza limewamaliza mwaka 1975 baada ya kampeni ya miaka, wakaonekana tena mwaka 2011. Nalitaja hili kwa sababu Mwalimu alikuwa na matumaini ya kuwamaliza kwa wikiendi.

Asubuhi moja Kijana aliingia jikoni.

“Shikamoo Mwalimu. Wamekula tena.”

“Marahaba. Wamekula nini?”

“Labda niseme wamebakiza nini.”

Uamuzi wa kwanza ulikuwa chumvi ya mawe. Ilimwagwa kuzunguka matuta, kisha juu ya matuta yenyewe pale konokono walipozidi. Chumvi inaua konokono, hilo halina ubishi. Lakini mvua iliiyeyusha ikashuka kwenye mizizi, na mchicha uliobaki ukaanza kukauka ncha za majani kama uliochomwa, ingawa udongo ulikuwa umelowa. Tuta mbili zilikaa bila kuotesha kitu cha maana mpaka masika yakaribie kwisha. Baada ya chumvi yalifuata majivu, ambayo yanasaidia yakiwa makavu tu. Mwezi wa Aprili, Morogoro, hilo ni saa chache kwa siku.

Panya, sumu na bundi

Mvua zilipokatika walikuja panya. Hili nalo lina mpangilio wake. Panya shamba huzaa sana baada ya mvua, nyasi na mbegu zinapokuwa tele. Jike hubeba mimba kama wiki tatu tu, na uzao mmoja unaweza kuwa na watoto kumi au zaidi. Wenyeji wa Morogoro wanaoishi jirani na SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wamezoea kusikia habari za panya, kwa kuwa ndipo shirika la APOPO linapowafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na makohozi yenye kifua kikuu. Mtu anaweza kuwachanganya. Panya buku ni mkubwa karibu kama paka, huzaa kidogo, na siye aliyekuwa akifukua viazi vya Mwalimu.

Hasara ilianzia kwenye viazi vitamu, ikaenda kwenye mbegu za bamia zilizofukuliwa kabla ya kuota, ikaishia kwenye banda. Vifaranga wanne walipotea ndani ya wiki moja. Hapo Mwalimu alimtuma Kijana sokoni, naye akarudi na sumu ya panya ya kwenye vipakiti vidogo visivyo na lebo, ile inayotandazwa chini pamoja na viwembe na sindano. Ilichanganywa na ugali na dagaa, ikawekwa nyuma ya banda na kando ya rundo la matofali.

Siku mbili za mwanzo hakuna kilichoonekana. Kuanzia siku ya nne panya walianza kutoka mchana, wakitembea taratibu kandokando ya ukuta bila kumwogopa mtu, wengine wakafia karibu na beseni la maji ya kuku. Kila mtu alifurahi. Kwa dalili hizo ninaamini ilikuwa sumu ya aina inayozuia damu kuganda, ambayo haimwui panya papo hapo. Inamwacha akitembea amelegea, tumbo likiwa na sumu, akiwa windo rahisi kuliko wote kiwanjani.

Paka wa jirani wa chini alikufa wiki hiyohiyo. Jirani alikuja getini, akasalimia kwanza, akasema, “Mwalimu, paka wangu amefia kwako.” Mwalimu aliomba radhi na kumpelekea tetea, na uhusiano ukapona, ingawa nyumba ya jirani ilikaa bila paka miezi mingi. Siku chache baadaye Kijana aliokota bundi chini ya mwembe. Alikuwa yule mweupe usoni, mwenye sura kama moyo. Hakuwa na jeraha. Dada mkubwa wa Mwalimu, aliyekuwa amekuja kumtembelea, alishukuru Mungu kwamba ndege wa uchawi ameondoka kwenye paa. Chini ya tawi alilozoea kukalia kulikuwa na vidonge vya kijivu, kila kimoja kama kidole gumba: manyoya ya panya yaliyoshikamana na mifupa na mafuvu madogo, jinsi bundi anavyotapika asichoweza kusaga. Kijana alivifagia akavitupa shimoni.

Panya walipungua kwa takriban miezi miwili. Vuli ilipoanza walikuwa wengi kuliko mwanzo.

Kiangazi: tumbili

Kati ya sumu na vuli kulikuwa na kiangazi, na kiangazi kilikuwa cha tumbili. Walishuka kwa korongo asubuhi jua likishapanda, wakirudi tena alasiri. Dume moja lilikuwa likikaa juu ya banda na kumtazama Kijana mpaka abebe ndoo kwenda kuchota maji. Nyanya hawakuzimaliza: waliuma kila moja mara moja wakaitupa, na hilo ndilo lililomuudhi Mwalimu kuliko wizi wenyewe. Kijana akitoka walikimbia. Mwalimu akitoka waliinua vichwa tu.

Ilijaribiwa sanamu ya kutishia, imevishwa koti la zamani na kofia. Ilifanya kazi siku tatu hivi. Siku ya tano mtoto wa tumbili alikuwa amekaa begani kwake. Kijana alipewa manati, ikawa kazi ya kutwa nzima, na kioo kimoja cha dirisha kikavunjika. Kisha akaletwa mbwa. Mbwa alikuwa mkali kweli, lakini alifungwa mchana ili asifukuze wateja wa mboga, na chakula chake, ugali na mabaki, kiliachwa kwenye sahani chini ya mwembe. Tumbili walijifunza urefu wa mnyororo wake mapema. Walikula ugali wake akiwatazama.

Jirani wa chini alishauri ndizi zenye sumu. Mwalimu alikataa kwa sababu mbili alizozieleza vizuri: watoto wa mtaa huokota ndizi bila kuuliza, na tayari alikuwa amelipa tetea kwa sumu. Sababu ya tatu niliiongeza mimi baadaye. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kuua mnyamapori bila kibali, na tumbili ni mnyamapori hata akiwa amekaa juu ya banda lako la kuku. Akizidi, pa kupeleka taarifa ni kwa afisa wanyamapori wa halmashauri. Mwalimu alipeleka. Aliandikiwa, akashauriwa afukuze na alinde mazao, akarudi nyumbani. Kwa mnyama asiyehatarisha maisha ya mtu, sioni kwamba angepata jibu tofauti sana mahali pengine.

Pasheni isiyozaa

Hili lilikuwa likitokea pembeni na nusura lisiingie kwenye kisa. Pasheni ya njano ilichanua sana na haikushika matunda. Mwalimu alidhani ni udongo, akaongeza samadi. Ilitoa majani zaidi.

Ua la pasheni ya njano halijitoshelezi: linahitaji chavua ya mmea mwingine wa aina hiyo, na kwa kuwa ua ni kubwa, nyuki wa asali hupita chini bila kugusa panapohusika. Kazi hiyo hufanywa na wale nyuki weusi wakubwa wanaovuma kwa sauti nzito na kutoboa mashimo kwenye mbao kavu. Maua hufunguka kama saa sita mchana. Nyanya zilikuwa zimeingiwa na kantangaze, yule kiwavi anayechimba ndani ya jani na ambaye ameshazoea dawa nyingi tangu athibitike nchini mwaka 2014, kwa hiyo Kijana alipiga dawa kila wiki, saa ambayo alikuwa amemaliza kazi nyingine, yaani mchana. Nyanya zilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye uzio. Na nguzo kavu ya zamani kwenye kona, iliyojaa mashimo ya mviringo, ilikuwa imeng’olewa mwezi Juni kwa sababu ilionekana imeoza.

Mzunguko wa tochi

Nilipofika, Mwalimu alikuwa na swali moja: dawa gani itamaliza vyote. Nilimwomba tuahirishe dawa na tuzunguke kiwanja mara mbili, usiku na alfajiri, tukiandika si mnyama gani yupo bali anakula nini na analala wapi.

Usiku ndio uliosema mengi. Kutoka kwenye sahani ya mbwa kulikuwa na njia nyembamba iliyosuguliwa, nyasi zimelala, ikipita chini ya gunia la pumba, ikifuata ukuta ambako mafuta ya manyoya yalikuwa yameacha mstari mweusi, ikiingia kwenye rundo la matofali. Upande wa pili wa rundo njia iligawanyika: moja bandani, nyingine kwenye viazi. Viazi vilikuwa kituo cha mwisho cha safari iliyoanzia kwenye ugali. Kijana aliinua bati moja. Chini yake kulikuwa na konokono wamebanana, na kwenye udongo wenye unyevu, kwenye kijishimo, mayai meupe yanayoelekea umanjano, madogo kama punje za mahindi, mengi kiasi cha kujaza kiganja. Nyumba ya panya na nyumba ya konokono ilikuwa moja, na Mwalimu alikuwa amewajengea kwa matofali aliyoyalipia.

Alfajiri tulikwenda mpaka ukingo wa korongo. Pale palikuwa na jiwe lililozungukwa na magamba ya konokono yaliyopasuka, mengi ya zamani, yamepauka. Hiyo ni kazi ya nguchiro wale wenye mistari mgongoni: humshika konokono kwa miguu ya mbele na kumrusha kinyumenyume, kati ya miguu ya nyuma, mpaka gamba lipasuke kwenye jiwe. Hapakuwa na gamba jipya hata moja. Kijana alisema nguchiro walikuwa wakipita kundi zima kila siku chache, na kwamba tangu mbwa aje hajawaona tena. Hatuna namna ya kuthibitisha kwamba mbwa ndiye sababu, lakini nyakati zinalingana.

Kuhusu tumbili, jibu halikuwa kiwanjani. Mpangaji wa nyumba ya juu alikuwa akiwarushia mkate na ndizi kila asubuhi ili awapige picha za video kwa simu. Walikuwa wanaanza siku kwake na kushuka kwa Mwalimu kumalizia.

Yaliyoamuliwa, na kwa nini

Uamuzi wa msingi ulikuwa kusimamisha sumu ya panya na kupunguza kwanza chakula na maficho. Mwalimu hakuupenda. Alitaka mitego ianze siku hiyohiyo, na hoja yake ilikuwa na uzito: panya wakinyimwa chakula ghafla huhamia jikoni. Kwa hiyo vyote viwili vilianza pamoja. Rundo la matofali liliuzwa, mabati yakanyanyuliwa juu ya magogo ili hewa na jua vipite chini. Pumba ziliingia kwenye pipa lenye mfuniko. Mbwa alianza kulishwa jioni tu, na sahani ikiondolewa akimaliza. Shimo la taka lilifukiwa, maganda ya jikoni yakaenda kwenye mboji iliyofunikwa kwa udongo kila yanapoongezwa. Mitego ya kubana minane iliwekwa usawa wa ukuta, kwenye ile njia nyeusi, mdomo ukiangalia ukuta kwa sababu panya hutembea amegusa kitu ubavuni. Chambo kilikuwa dagaa waliokaangwa.

Konokono waliachiwa magunia yaliyolowa yakiwa na maganda ya papai chini yake. Asubuhi Kijana aliyafunua, akaokota kwa mifuko ya plastiki mikononi, akawaponda na kuwafukia. Mikono haiwi mitupu, kwa sababu konokono hawa wanaweza kubeba minyoo ya mapafu ya panya, ambayo ikimwingia binadamu hufika hadi kwenye ubongo, na mboga za majani zikioshwa vibaya nazo zinaweza kuwa njia yake. Mwalimu alinunua pia bata wawili, kwa ushauri wangu, ili wawale konokono wachanga.

Kwa tumbili mpango ulikuwa kuhamisha majaribu. Upande wa korongo ulipandwa pilipili, manjano, tangawizi na mnafu, vitu ambavyo tumbili huvigusa kwa shida au wakikosa kingine. Nyanya zilisogezwa hadi mlango wa jikoni. Mapapai yalianza kuchumwa yakipata mstari wa kwanza wa njano, yakaivia ndani. Mikungu ya ndizi ilivishwa viroba mapema. Matawi ya mwembe yaliyogusa paa yalikatwa. Nguchiro nao walijadiliwa: Kijana alitaka awategee wakirudi, kwa sababu wanakula mayai na vifaranga pia. Hilo ni kweli. Badala yake banda liliwekewa wavu wa kuku mpaka chini, ukafukiwa kiganja kimoja ardhini, na mbwa akaanza kufungwa upande wa mbele.

Suala la mpangaji wa juu lilikuwa gumu zaidi, kwa kuwa si mkosaji kisheria machoni pa watu wa mtaa, ni mtu anayependa wanyama. Mwalimu alipitia kwa mwenyekiti wa mtaa, bila kumtaja mtu, akaomba jambo lizungumzwe kwenye mkutano. Pale mama mmoja alieleza jinsi tumbili alivyomnyang’anya mtoto wake andazi mkononi. Mpangaji alikuwepo. Hakuambiwa kitu na mtu yeyote, na wiki iliyofuata mkate ulikoma.

Dawa ya kantangaze ilihamishiwa jioni, na kwa mwarobaini kwanza, dawa ya dukani pale tu majani yaliyoshambuliwa yakizidi uwezo wa kuyang’oa kwa mkono. Gogo kavu la mwembe uliokatwa matawi lilisimikwa kwenye kona ya ile nguzo.

Bundi lilikuwa jambo pekee lililoshindikana kukubaliwa ndani ya nyumba. Mwalimu, mwenyewe mwalimu wa sayansi kwa miaka yake yote, alielewa hesabu ya bundi na panya vizuri kuliko wengi. Lakini dada yake alisema waziwazi kwamba nyumba inayomwita bundi hatalala humo. Mwalimu alichagua dada. Sanduku la kutagia halikutengenezwa.

Matokeo baada ya mwaka mmoja

Mitego ilinasa kila usiku mwanzoni, na kufikia mwezi wa tatu ilikaa siku kadhaa bila kitu. Vifaranga havikupotea tena kwa panya. Viazi vilivunwa vikiwa na alama za meno vichache, vingine vikiwa salama kabisa.

Konokono walipungua masika yaliyofuata bila kwisha. Vitalu viwili viliokoka, kimoja kililiwa wiki ya mvua nyingi ambayo Kijana alikuwa ameugua na hakuna aliyefunua magunia. Bata walikuwa na mchango mdogo kuliko nilivyoahidi. Walikula konokono wachanga, kweli, na baada ya hapo wakala chainizi na kukanyaga mchicha. Sasa wanaingizwa kwenye tuta baada ya kuvuna na kabla ya kupanda tena, wakishindia bandani muda uliobaki. Kenge aliwahi kula mayai yao yote.

Tumbili bado wanapita. Tofauti ni kwamba wanapita. Wanachukua papai la juu likichelewa kuchumwa, na mara moja walirarua kiroba cha mkungu mmoja, lakini hawakai tena kutwa. Nguchiro walionekana mara chache kuanzia Februari, na pale kwenye jiwe kulikuwa na magamba mapya.

Pasheni ilizaa. Kabla nyuki weusi hawajarudi, Mwalimu alichavusha maua kwa mkono mchana, akibeba chavua ya mmea mmoja hadi mwingine kwa brashi ndogo ya rangi, na wajukuu wakaifanya kazi hiyo kuwa mchezo. Gogo lilipata tundu la kwanza baada ya vuli, na chini yake unga wa mbao mweupe.

Uchambuzi

Ukipanga matukio kwa tarehe, kitu kimoja kinajirudia. Kila dawa iliyotumika mwanzoni ilimwondoa kwanza aliyekuwa akimsaidia Mwalimu. Sumu iliwatanguliza bundi na paka. Mbwa, kwa kadiri tunavyoweza kujua, aliwatanguliza nguchiro. Dawa ya mchana na kung’oa nguzo viliwatanguliza nyuki. Waliokusudiwa, yaani panya, konokono na tumbili, walipungua kwa muda au hawakupungua kabisa.

Hili si bahati mbaya. Wanaokula wengine huwa wachache, na huzaa taratibu. Bundi mmoja anaweza kula panya kadhaa wenye sumu ndani ya wiki, hivyo anakusanya mwilini dozi ambayo hakuna panya mmoja aliyeila. Akifa, nafasi yake inaweza kukaa tupu msimu mzima au zaidi. Nafasi ya panya hujazwa ndani ya miezi michache, maadamu ugali uko palepale. Kwa hiyo sumu iliyotumika bila kuondoa chakula ilikuwa ikibadilisha uwiano kwa faida ya panya, na Mwalimu alikuwa akiilipia.

Sisemi sumu haina mahali pake. Kwenye ghala au shamba la mahindi wakati wa mlipuko wa panya, sumu iliyosajiliwa, yenye lebo, ndani ya visanduku ambavyo kuku na paka hawafiki, kwa msimu unaojulikana, ni chombo halali. Kipakiti kisicho na jina hakina dozi, hakina maelekezo ya huduma ya kwanza, na daktari hawezi kujua amtibu mtoto kwa dawa gani. Katika kiwanja cha robo eka chenye watoto, kuku na mbwa, sioni hoja ya kukitetea.

Kilichofanya kazi kuliko vyote kilikuwa rahisi mno kiasi kwamba hakikuonekana kuwa kazi ya bustani: kuuza matofali. Kingeweza kufanyika kabla ya chumvi, kabla ya sumu, na kilileta fedha badala ya kuzitoa. Sahani ya mbwa ni ya pili. Baada ya hapo ni mitego, ambayo bila hayo mawili ingekuwa ikinasa panya milele bila kuwamaliza.

Upande wa tumbili nadhani mpangilio wa mazao ulisaidia, lakini siwezi kutenganisha mchango wake na ule wa mkate kukoma, kwa sababu vyote vilitokea ndani ya mwezi mmoja. Ningelazimika kuchagua ningesema mkate. Namna ulivyokomeshwa inastahili kuangaliwa pia: Mwalimu angeweza kugonga mlango wa mpangaji na kugombana naye, na kwa hasira aliyokuwa nayo ingewezekana. Kupitia mkutano wa mtaa kulimpa mpangaji njia ya kuacha bila kuaibishwa.

Panapobaki na mvutano ni bundi. Kwa hesabu tupu, sanduku la kutagia ndilo lililokuwa uwekezaji wa bei ndogo kuliko yote. Wapo wenzangu wanaolichukulia suala la imani kuwa ujinga wa kuelimishwa, wakatengeneza sanduku na kuondoka. Nimeona masanduku ya namna hiyo yakichomwa moto na ndege akiwa ndani. Bundi asiyekaribishwa lakini asiyeuawa ana nafasi nzuri kuliko bundi aliyekaribishwa na mtu mmoja katika nyumba ya watu sita. Kwa sasa sauti yake inasikika usiku upande wa korongo, na dada wa Mwalimu amekubali kwamba korongo si nyumba.

Mwalimu bado anataka uzio wa wavu wa juu na pembeni kwa bustani nzima. Fundi alimpa makisio yaliyozidi mauzo ya mboga ya mwaka mzima, na wavu mwepesi wa kuku tumbili huuchana. Tulikubaliana aanze na kizimba kimoja cha nyanya tu, cha wavu wa chuma mzito, kilichoegemea ukuta wa jikoni, na auone mwaka mmoja kabla ya kununua zaidi. Nguzo zimeshachimbiwa.